Intaneti ya Baba Mkubwa Bagula

Buffalo, 18 Januari 2015

Baba Mkubwa Bagula,

Tumsifu Yesu Kristu. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe na Mama Mkubwa, na kwamba mgongo wako umepunguza makelele. Mimi ni mzima. Huku theluji imefika madirishani, na kiwandani Tonawanda tunaingia na giza na kutoka na giza, lakini mashine zinatoa joto, kwa hiyo silalamiki. Dada yako Tante Chimène alinipigia kutoka Gahanna, kando ya Columbus. Anasema bado anawaogesha wazee wa Kizungu huko na bado anawasengenya, na anakusalimu sana.

Utashangaa kukuta barua ndani ya sanduku la modemu. Ni wewe uliyenifundisha kwamba neno la ndoa halitupwi kwenye simu, maana huko kila mtu anaweka spika na jirani anasikia. Basi naandika.

Siku ya mahari tumeipanga: Jumamosi tarehe 27 mwezi wa sita, nyumbani kwa Tante Chimène. Tulichagua Gahanna kwa sababu ni katikati, Buffalo huku na Louisville huko kwenu, ili usichoke. Uliponiambia Noeli kwamba mgongo hauruhusu safari ya gari ya saa tatu na nusu, nilisikitika. Ila wazee wa mchumba wangu Ruta wamekubali useme neno lako kwa video. Msemaji wao, mzee Ngarambe, atauliza kama mnampa mtoto. Nawe, kwa kuwa baba yangu Hyacinthe hayupo na ni wewe uliyenilea, utainua glasi yako hapo Okolona, utakunywa, na yatakuwa yamekwisha. Usipokunywa wewe, hakuna mwingine wa kunywa. Desturi hiyo unaijua kuliko mimi.

Tatizo ni intaneti yenu. Noeli nilikuona vipande vipande, jicho likifika mdomo bado uko njiani. Modemu mnayokodi kwa kampuni ni ya zamani, hii ni mpya, nimeinunua mwenyewe. Waya mnene wa ukutani unaingia nyuma, unauzungusha mpaka ukaze. Kisha piga simu kwa kampuni uwasomee namba iliyoandikwa chini ya modemu, maana wasipoijua hawataifungulia kasi yake yote. Neno la siri la wifi limebandikwa hapo hapo chini.

Mwanao,
Gloire

*

Okolona, 10 Februari 2015

Mtoto wangu Gloire,

Milele na milele, amina. Sisi tunapumua. Mama yako mkubwa ameanza kazi ya kupanga viatu kwenye depo jirani na ile yangu, hivyo jioni nyumba ina migongo miwili inayolia badala ya mmoja. Ezéchias wa ghorofani amepata mtoto mwingine, wa kiume. Tulikwenda kumwona na sabuni kama inavyopasa.

Modemu imefika. Ni nyeusi, inang'aa kama kiatu cha padri. Nimeiweka chumbani, ndani ya kabati la nguo, juu ya masuti, kwa sababu sebuleni wanapita watu wengi na kitu kipya kinaita mikono. Mama yako mkubwa ameifunika na kitambaa chake cha kufuma, kile cha tangu kambini Nakivale, Uganda, vumbi lisiingie. Taa zinawaka zote. Lakini intaneti ni ile ile. Jana nilitaka kusikiliza mahubiri ya kutoka Bukavu. Padri akafungua mdomo kusema "Wapendwa", nikaenda kuoga, nikarudi, alikuwa hajafika kwenye "katika Kristu".

Bon, labda kitu kipya si lazima kiwe bora. Haraka haraka haina baraka. Mwezi wa sita uko mbali, na mengi yanaweza kubadilika hata kwa mtu aliyekwisha kuamua. Msalimie huyo kijana wa kiwandani.

Baba yako,
Bagula

*

Buffalo, 23 Februari 2015

Baba Mkubwa,

Tumsifu Yesu Kristu. Hongera kwa Ezéchias, na pole kwa Mama Mkubwa. Mwambie asisimame na viatu vyembamba kwenye sakafu ile ya saruji, mimi nilijifunza kwa uchungu.

Barua yako niliwasomea wenzangu saa ya chakula, tukacheka mpaka msimamizi akaja. Modemu si kuku anayeatamia, haitaki giza wala kufunikwa. Ndani ya kabati wifi inapigana na masuti yako kabla ya kufika sebuleni. Na hicho kitambaa kinaipa homa, nayo ikipata joto inalegea. Itoe. Iweke sebuleni mahali pa juu, mbali na maikrowevu. Chomoa umeme, ngoja kidogo, rudisha. Je, uliwasomea kampuni ile namba? Hukuniambia. Na wanaotumia wifi hapo nyumbani ni nani na nani?

Na kijana wa kiwandani ana jina. Anaitwa Ruta, herufi nne tu, haimalizi wino.

Mwanao,
Gloire

*

Okolona, 29 Machi 2015

Mtoto wangu,

Milele na milele, amina. Usihesabu siku za kimya changu, kulikuwa na ovataimu za lazima. Hapa leo ni Jumapili ya Matawi, tumeimba vizuri.

Nimetii. Modemu iko juu ya kabati la vyombo, uchi, mama yako mkubwa ameona haya lakini amekubali. Kampuni nilikwenda mwenyewe ofisini, maana kwenye simu mashine inaniuliza kwa Kiingereza kisha inajijibu yenyewe. Binti wa pale akaandika namba, akasema kasi yote sasa imefunguka. Siku mbili ilikimbia. Halafu ikarudi kwenye uvivu wake.

Umeuliza nani wanatumia. Ni watu. Ezéchias na nyumba yake, Warundi wa mlango wa pili, wanakwaya wa Jumatano, na mama mmoja wa Masisi ambaye mume wake amebaki Goma. Jioni wanakaa kwenye ngazi zetu na simu zao, kama watu wanaoota moto. Neno la siri nimelibandika mlangoni ili nisiulizwe kila saa. Usinikaripie. Moto haunyimwi jirani, wala chumvi. Siku ya kwanza Nakivale nani alituwashia? Ulikuwa na miaka tisa, ulikuwa unatetemeka mgongoni mwangu, labda umesahau. Sasa nibadili neno la siri, yule mama wa Masisi amwone mume wake wapi, ukutani?

Donc, hali ni hiyo. Kama intaneti haitoshi kwa mahari, basi haitoshi. Hata hivyo desturi zetu hazikutengenezwa kwa ajili ya kompyuta. Fikiri vizuri, mtoto wangu. Fikiri bila haraka.

Baba yako,
Bagula

*

Buffalo, 8 Aprili 2015

Baba Mkubwa,

Kristu amefufuka. Pasaka yangu niliila zamu ya pili, na kuku wa baridi, lakini niliila.

Sijasahau moto wa Nakivale. Sikuombi umfukuze mtu kwenye ngazi, waache waote. Ila kuna njia ambayo haimnyimi mtu kitu: waya. Unatoka nyuma ya modemu unaingia moja kwa moja kwenye kompyuta, haupiti hewani wala haugombani na Jumatano ya kwaya. Na siku yenyewe, kwa saa moja tu, zima wifi. Waya utaendelea kufanya kazi. Waambie jirani zako ni siku ya mtoto wako, watakuelewa. Nina hakika watapiga na vigelegele.

Waya huo nilitaka kuutuma posta. Ruta amekataa. Anasema mtu hampelekei baba mkwe kitu kwa posta kabla hajamsalimia. Atakuja mwenyewe Jumamosi tarehe 18, atauchomeka, atapima kasi, atakusalimu. Ataendesha gari kutoka huku mpaka kwenu kwa ajili ya waya wa mita tatu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mpokee.

Mwanao,
Gloire

*

Okolona, 4 Mei 2015

Mtoto wangu,

Salamu katika Bwana. Mvua nyingi hapa. Mama yako mkubwa anakohoa, si sana.

Kijana alifika. Kwa bahati mbaya nilikuwa kazini. Mama yako mkubwa anasema ana adabu na kwamba alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alileta na maziwa, galoni mbili, kama watu wa kwao wa milimani wanavyofanya. Nimempa Ezéchias, ana watoto wengi. Mimi siku hizi maziwa yananisumbua tumbo.

Waya umechomekwa. Sijui nikwambie nini, naona bado ni polepole. Labda ni nyaya za mtaa mzima. Labda si mapenzi ya Mungu kila kitu kipite kwenye waya.

Baba yako,
Bagula

*

Buffalo, 17 Mei 2015

Baba Mkubwa,

Tumsifu Yesu Kristu. Mpe Mama Mkubwa tangawizi na asali, asidharau kikohozi cha mvua.

Ruta alipima kasi kabla ya kuondoka. Mega hamsini. Alinitumia picha ya kioo cha kompyuta yenu, ninayo hapa. Kwa kasi hiyo ungeweza kunipa neno huku kwaya nzima ikitazama sinema ghorofani. Kwa hiyo usiniambie tena habari ya nyaya za mtaa.

Ananiambia pia kwamba mlangoni mwa chumba cha kulala aliona viatu vyako vya kazi, vile vyenye chuma mbele, na ndani akasikia mtu anakohoa kikohozi cha kiume. Mama Mkubwa akasema ni redio.  Ruta alikunywa chai, akashukuru, akaendesha usiku kucha kurudi. Mpaka leo hajasema kitu. Mimi ndiye ninayesema.

Kama una neno juu yake, litoe. Mficha uchi hazai. Nimekuwa kwako tangu nina miaka tisa, nimekuona na hasira, na njaa, na malaria. Sijawahi kukuona umejificha chumbani.

Gloire

*

Okolona, 12 Juni 2015

Gloire,

Tumepata barua. Afya ni nzuri.

Tarehe 27 saa nane mchana nitakuwa mbele ya kompyuta, na suti. Wifi nitazima. Mama yako mkubwa amekwisha kununua juisi, kwa kuwa kasiksi ya kweli, pombe yetu ya ndizi, haipatikani Kentucky. Mimi ni mtu mzima, sihitaji kukumbushwa mahali pangu.

Mengine ni ya Mungu na ya réseau ya intaneti.

Bagula

*

Buffalo, 1 Julai 2015

Baba Mkubwa,

Nakusalimu, kwa sababu ulinifundisha kusalimu hata nikiwa na hasira. Mama Mkubwa naye unisalimie. Tante Chimène anaumwa kichwa tangu Jumamosi, alikosa kazi siku mbili.

Nakuandikia tulichokiona sisi, maana wewe ulikuwa upande wa pili wa kioo na labda hujui kilivyoonekana.

Tante aliunganisha kompyuta na televisheni yake kubwa ili wazee wote wakuone. Ulikuwa mkubwa kama mtu wa kweli, suti ya kijivu, tai ile ya kipaimara changu. Ulipendeza. Nilikuona nikafurahi, nikasema moyoni, baba amekuja. Wetu walikaa upande wa dirisha, wa Ruta upande wa jikoni. Mzee Ngarambe akasimama na fimbo yake, akasema vizuri kabisa juu ya ng'ombe zao na ng'ombe zetu, jinsi watu wanaopenda mnyama mmoja hawawezi kushindwa kuelewana. Watu wakacheka. Kisha akakugeukia. "Muzee Bagula, tuko hapa ya kuomba mutoto. Munatupatia?"

Ukainua glasi mpaka kifuani. Hapo ukaganda.

Tante akakuita, wewe kaka yake mkubwa: "Yaya Bagula! Yaya, unatusikia? Aaa, réseau imekwama!" Wote wakasema ndiyo, imekwama. Ngarambe akakaa. "Haina neno," akasema. "Tungojee."

Tukangoja. Ulikuwa umekakamaa kama picha ya pasipoti, mdomo umefungwa, macho mbele. Lakini nyuma yako, Baba Mkubwa, feni ilikuwa inazunguka. Ilikuwa inageuka kushoto, inageuka kulia, na kila ilipopita iliinua ukurasa wa kalenda ya parokia, mwezi wa saba ukaonekana, ukafunikwa tena. Juisi ndani ya glasi ilikuwa inatikisika. Na kwa kuwa mtu hawezi kukaa muda wote ule bila kupepesa, jicho lako la kushoto likajaa, na chozi likashuka mpaka kwenye ndevu. Réseau hailii.

 Watu zaidi ya ishirini, na hakuna hata mmoja aliyesema, lakini wote waliona. Nilimtazama Ngarambe. Alikuwa anatazama viatu vyake. Akasema tena, taratibu, kama mtu anayemfunika mwenzake shuka: "Réseau ya kule Kentucky iko mubaya sana." Alikudanganyia mbele ya watu wake mwenyewe ili usiaibike. Alifanya hivyo mtu ambaye maziwa ya kwao yanakusumbua tumbo.

Halafu kioo kikawa cheusi. Tulikula wali na samaki wa sambaza, watu walisifu pilipili. Wakasema watarudi siku nyingine, hewa ikiwa nzuri. Ruta alibaki akaosha vyombo na Tante, hakuniuliza kitu, na hilo lilinikata kuliko kama angeuliza.

Jirani humnyimi moto. Mimi umeninyima funda moja la juisi.

Nataka ndiyo au hapana. Nitangoja mwezi huu wote.

Gloire

*

Okolona, 9 Agosti 2015

Gloire,

Nimechelewa, ni kazi.

Siku ile intaneti ilikwama. Ilikuwa hivyo, na sitalirudia.

Lakini umetaka nitoe neno, basi lichukue. Ilipofika habari kwetu kijijini Walungu kwamba Hyacinthe ameuawa, nilitembea usiku mpaka Bukavu kwa miguu. Nilimkuta uani. Nilimwosha mdogo wangu kwa mikono hii, peke yangu, majirani walikuwa wamekimbia, nikamfunga na pazia kwa sababu shuka ziliibiwa. Watu wote walisema waliofanya ni wa kule juu milimani. Wote walisema. Sijaisahau hata siku moja na sijaomba kuisahau.

Najua huyo kijana alikuwa mtoto. Sina kesi naye. Kwenye mikutano ya wakimbizi nakaa na watu wake, nawapa mkono, nasali nao Baba Yetu. Lakini mkono si glasi. Mkono unauosha na maji, yamekwisha. Glasi inaingia tumboni. Nikinywa, nimekula mahari ya mtoto wa Hyacinthe pamoja na wale ambao jina lao lilitajwa juu ya maiti yake. Nitakapokutana naye ataniuliza, nami nitamwambia nini? Kwamba mtoto alikuwa na haraka?

Nilikubeba kutoka Bukavu mpaka Uganda. Ulikuwa mzito, nami sikukuweka chini. Tangu hapo nimekuomba kitu? Ulipotaka kuhama uende Buffalo nilikuzuia? Sasa naomba, ni mara ya kwanza na ya mwisho. Mwache huyu. Chagua mwingine, hata Mmarekani, nitakuja kwa miguu na mgongo huu huu, nitakunywa pipa.

Baba yako,
Bagula

*

Buffalo, 20 Agosti 2015

Baba Mkubwa,

Nimeisoma barua yako nikiwa ndani ya gari, nje ya kiwanda, na nimechelewa kuingia kazini. Nimelia. Habari ya pazia sikuijua.

Lakini wewe hukuwepo alipouawa. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa chini ya kitanda, na tangu siku ile mpaka leo hujaniuliza. Ulinipa chakula, ukanipa shule, ukaniandika kwenye karatasi za ukimbizi kama mtoto wako wa kuzaa. Kuniuliza hukuniuliza. Nilidhani unaogopa kuniumiza. Sasa naona ulikuwa umekwisha kupata jibu mahali pengine.

Basi nakujibu bila kuulizwa. Hawakusema neno. Walivunja mlango, wakamtoa baba, nikasikia risasi, wakarudi wakachukua redio na shuka, wakaenda. Sikuona sura. Sikusikia lugha, maana hawakuongea. Hao watu wote waliosema, hakuna hata mmoja aliyekuwa na mimi chini ya kitanda kile.

Na baba yake Ruta naye aliuawa. Kule kwao pia watu wote walisema, na waliotajwa ni sisi. Siku aliponieleza nilitaka kukimbia, nikijua sasa ataniacha. Akafuta macho, akaniuliza kama nimekula.

Siwezi kukupa unachoomba. Deni langu kwako ni kubwa na sitalimaliza, lakini sililipi kwa kumwacha mtu mwingine.

Tutarudia Jumamosi tarehe 5 mwezi wa tisa, pale pale kwa Tante, saa nane. Hakutakuwa na video wala kompyuta. Kutakuwa na kiti chako mbele. Njoo ukikalie. Ukiona glasi inakushinda hapo hapo, mbele ya macho yangu, sema hapana kwa mdomo wako, nami nitaisikia kutoka kwa mtu. Usipokuja, Tante Chimène atainywa. Anasema hajawahi kuona mwanamke akinywa mahari, lakini pia hajawahi kuona kaka yake akijigeuza picha.

Njoo, Baba. Naomba nami.

Gloire

*

Okolona, 4 Oktoba 2015

Gloire,

Tumsifu Yesu Kristu. Natumaini wewe ni mzima na nyumba yako.

Nimesikia imekwisha. Habari ilifika hapa kabla ya jioni ile, watu wana simu. Ezéchias alisimama kwenye ngazi akapiga makofi, Warundi wakatoka, wanakwaya wakanidai soda. Nimenunua. Kila ninapopita ni "Hongera muzee, umeozesha." Hata kazini, hata mlangoni mwa kanisa. Nasema asante. Ungetaka niseme nini? Mama yako mkubwa anapika, anaweka mezani, anakwenda kula chumbani.

Sina lawama ya kukuandikia, na msamaha sijui kuuandika. Harusi ya kanisani usinihesabu.

Nina swali moja. Nimempigia Chimène, hataki kulijibu. Kwa desturi, baba asipokuwepo, kabla ya glasi Ngarambe alilazimika kuuliza baba wa binti ni nani, na mwenye kushika glasi alilazimika kumtaja mbele ya watu. Alitaja nini? Niandikie maneno yenyewe. Usinipunguzie.

Baba yako,
Bagula

*

Buffalo, 16 Oktoba 2015

Baba Mkubwa,

Milele na milele, amina. Sisi ni wazima. Ruta amepata zamu ya mchana, tunaonana sasa wakati wa jua. Baridi imeanza lakini theluji bado.

Umeomba maneno yenyewe. Ngarambe aliuliza, "Baba ya huyu mutoto njo nani?" Kiti chako kilikuwa mbele, kitupu. Mtu mmoja alikuwa ametaka kukikalia, Tante akamkatalia. Tulikuwa tumengoja mpaka chakula kikapoa.

Tante alikitazama kile kiti, kisha akasimama na glasi. Akasema: "Alikuwa na ba papa babili. Wa kwanza, Hyacinthe, alikufiaka Bukavu. Wa pili, Bagula, alimubeba ku mugongo mpaka Uganda, akamulisha, akamusomesha, akamupatia jina. Na yeye hatuko naye tena."

Ngarambe hakuuliza zaidi. Nadhani alielewa vizuri kabisa, lakini ni mtu wa kuwafunika wengine. Alivua kofia, akawaambia watu wake wasimame. Wakasimama wote, kimya, vichwa chini, kama tunavyofanya kwa marehemu. Wetu nao wakasimama, mmoja mmoja.

Mtu alihitajika kusema hapana, kaeni chini, huyo wa pili yuko hai. Tante hakuweza, alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa. Waliniangalia mimi, na ni mimi tu niliyekuwa na haki ya kulisema. Nikasimama pamoja nao.

Gloire